Sinagogi Lisiloezekwa

Kolonia Gershom, Entre Ríos
6 Machi 1910

Kaka Faivel,

Salamu zako ziko nyingi, nikianza kuzigawa karatasi itakwisha, basi pokea za Mama kwanza: anasema ule, uvae sweta, usilale na dirisha wazi. Mguu wake umepungua uvimbe. Ng'ombe mwekundu kazaa, ndama ana doa jeupe puani, na mimi ndiye niliyemvuta maana Baba alikuwa shambani. Ngano haikuwa mbaya. Nzige walikula upande wa Mzee Nohim, kwetu wakaonja tu wakapita.

Sasa habari yenyewe, imenikaa kooni wiki nzima. Tunajenga sinagogi. La matofali, kaka, sio tena kusali ghalani na panya wanaitikia amina.

Utauliza pesa wamepata wapi wakulima hawa waliotoka Urusi na viatu viraka. Mwaka Mpya wetu wa Kiyahudi uliopita, wewe ulikuwa umeshaondoka, kila mwanamume aliyeitwa mbele kwenye Torati alitoa ahadi. Siku takatifu mtu hagusi pesa, anaahidi kwa mdomo tu, na midomo siku ile ilikuwa mitamu: huyu magunia matano ya ngano, yule kumi. Mavuno yamekwisha, basi Mzee Nohim, ndiye mwenyekiti wa kamati, anapita na mkokoteni nyumba kwa nyumba anafuata maneno ya watu. Ukimwona anakuja, mbwa wenyewe wanajificha.

Halafu heshima ya kuweka tofali la kwanza ikapigwa mnada. Zelig na shemeji yake Ber wakapandishana mpaka wake zao wakawa wanawavuta makoti kwa nyuma. Zelig akashinda. Ber akakaa chini akasema yeye hakulitaka, alikuwa anampandishia shemeji bei.

Na viti. Vya ukuta wa mashariki, pembeni ya sanduku la Torati, ndio ghali. Vya mlangoni kwenye upepo, bei ya jogoo. Ukuta wenyewe bado haupo, watu wananunua kiti hewani. Bi Sosia, yule mjane wa bata, kauza manyoya ya miaka miwili kapata kiti upande wa wanawake. Na kila kuku anayechinjwa na Mwalimu Getzel, maana sheria inamruhusu yeye tu, senti kadhaa zinaenda kwenye jengo. Yaani supu yetu ya Ijumaa inajenga.

Baba bado hakutaji, tangu aliposema hana mtoto mjini. Nikianza kusoma barua yako anatoka nje. Ila hafiki mbali. Anasimama nyuma ya mlango, ncha ya kiatu chake naiona.

Mdogo wako,
Brayna


Buenos Aires
10 Aprili 1910

Brayna mdogo wangu,

Mwambie Mama nakula. Mwoka mikate atakosaje kula? Dirisha silifungui kwa sababu chumba hakina dirisha. Ndama mpe busu puani kwenye lile doa. Barua yako nilimtafsiria Pascual, Mwitaliano ninayepanga naye chumba kimoja, akacheka mpaka akakohoa. Anasema kijijini kwao kanisa lilijengwa hivihivi, na mashemeji walikuwepo.

Kuhusu sinagogi lenu, hongereni. Mimi ningejenga zahanati. Mungu ana mbingu nzima ya kukaa, na Mama kaburuta ule mguu tangu kiangazi kwa sababu daktari yuko safari ya siku nzima. Nilipokuwa huko niliwaambia, wakaniita mpagani, nikawaita wajinga, na Baba alisema alichosema. Najua yuko nyuma ya mlango. Isome hapa kwa sauti. Au basi, paruke.

Kazi ni usiku, moto mbele na baridi mgongoni. Chama chetu cha waokaji kinazungumza mgomo, na mimi ndiye ninayewaandikia Wayahudi wenzetu matangazo kwa Kiyidi. Usiwaze. Watu ni wengi, nani atamwona mmoja?

Hizi peso ni za mguu wa Mama. Za mguu, sio za matofali.

Kaka yako,
Faivel


Kolonia Gershom
8 Mei 1910

Kaka,

Pasaka imepita salama, wewe mwoka mikate ulikula nini siku zile nane zisizo na chachu sikuulizi, na usinijibu. Mama anatembea mpaka kisimani sasa. Peso zilitosha dawa, na iliyobaki kaipeleka kwa Nohim kwa ajili ya matofali. Nikamwambia Faivel alikataza. Akasema, "Faivel yuko mbali, mimi niko karibu."

Pale pa zahanati sikuparuka. Nilisoma kwa sauti yote, kiatu hakikusogea. Kesho yake Baba anafunga farasi, akauliza kama anayeuliza ukuta, zahanati hasa inagharimu kiasi gani. Nikasema sijui. Akaondoka na jembe lake.

Kuta zimefika madirishani. Udongo tunaukanyagisha kwa farasi, wanawake tunafyatua, miguu yangu haitakati tena hadi nizeeke. Boriti zimekuja kwa treni, ndefu, nyekundu ndani, ukizigonga zinaitika. Mabati nayo yamefika, yamepangwa ghalani, siku za Sabato wanaume wanayakalia kama benchi. Baba katoa fahali mmoja, kanunua kiti ukuta wa mashariki. Nilidhani mmoja. Nohim anasema kanunua viwili, vinavyopakana. Mama alipomuuliza cha pili cha nani, akasema cha kuwekea kofia.

Mimi Mwalimu Getzel ananifundisha vitabu vya sheria, vya wanaume, usimwambie mtu. Mkewe ananiita eti nikasaidie jikoni, mlango unabaki wazi, yeye anasoma kwa sauti na mimi namenya viazi. Nimemenya mpaka sheria za majirani na kuta.

Mbona hujaandika tena? Wachuuzi wanaopita wanasema huko mjini zinakuja sherehe kubwa za serikali na askari wako kila kona.

Brayna


12 Juni 1910

Brayna,

Samahani kwa penseli. Mimi mzima. Nimehama. Ninapolala sasa hakuna kodi na tuko wengi, upweke hakuna. Usitumie anwani ya zamani. Barua mpelekee Pascual kule kwenye tanuri, yeye ananiletea.

Kama kuna soksi za sufu, nitashukuru. Na kama Mama anaweza kukausha mkate kidogo, ule unaokaa muda mrefu, tuma.

Baba usimwambie kitu. Hakuna kitu cha kumwambia. Sinagogi limefikia wapi?

F.


Kolonia Gershom
3 Julai 1910

Kaka Faivel,

Mama mzima, ng'ombe mzima, baridi imeua viazi vya mwisho. Soksi ni jozi mbili, moja nimefuma mimi, utaijua kwa ubaya wake. Mkate umo kwenye kitambaa cha bluu. Mama alipokuwa anaukausha hakuniuliza kitu, na Mama ni mtu wa kuuliza.

Sasa niambie. Mwoka mikate gani anaomba mkate kutoka shamba? Nyumba gani Buenos Aires haina kodi? Na barua yako haina jina la mji juu wala mtaa. Mimi sio mtoto wa kupewa mfupa nikalale. Kama wamekukamata andika neno moja tu, "ndiyo", nitaelewa.

Sijamwambia mtu. Kuta zimekwisha, paa linapanda mwisho wa mwezi, Nohim kashaagiza pombe ya kufungulia.

Brayna


15 Julai 1910

Mdogo wangu,

Ndiyo.

Walituchukua Mei, kabla ya zile sherehe, tanuri zima, na Pascual aliponea kwa sababu alikwenda kununua chumvi. Hawatupigi sana. Usimwambie Mama hilo "sana".

Jambo lenyewe ni hili. Sisi tuliozaliwa Urusi wanataka kuturudisha kwa meli. Kule bandarini Odessa mimi nasubiriwa: nilikimbia jeshi la Kaizari, unajua wanawafanya nini waliokimbia. Kuna wakili anasema inawezekana nikaondoka kwa hiari, nikavuka tu mto kwenda Uruguay, wao wakaandika nimetoka nchini, kesi imekwisha. Lakini kuna ada yake, na nauli, na chai ya watu wawili watatu. Kiasi sikiandiki. Nikikiandika utaanza kupiga hesabu, nakujua.

Meli inasemekana ni mwisho wa Agosti. Sikuandika ili mfanye kitu. Nimeandika kwa sababu uliuliza, na mimi kukudanganya wewe sijazoea, barua ile ilinichosha kuliko kuoka.

Baba asijue. Alishasema hana mtoto huku, mwache na neno lake. Na pesa za jengo lile usizitaje hata ndotoni. Nililicheka tofali kwa tofali. Siwezi kutolewa humu na watu niliowaita wajinga.

Soksi nimevaa jozi zote mbili kwa pamoja. Ile mbaya ndiyo yenye joto.

Faivel


Kolonia Gershom
2 Agosti 1910

Kaka,

Barua hii anakuletea Mzee Nohim mkononi, mwenyewe, na suti yake. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Kiasi nilikipata. Nilimwandikia Pascual kwa Kihispania changu cha kuokoteza, akanijibu kwa Kihispania chake kibaya zaidi, tukaelewana. Nikapiga hesabu kama ulivyosema. Kolonia nzima hakuna nyumba yenye pesa hizo. Kilichokuwa na thamani hiyo ni kimoja tu, nacho kilikuwa kimepangwa ghalani watu wanakikalia.

Nikaenda kwa Mwalimu Getzel, safari hii sikumenya viazi. Nikamuuliza: watu wamechanga pesa za nyumba ya sala, wamenunua boriti, kisha anatokea mateka. Inakuwaje? Akasema mateka kwanza. Boriti zinauzwa, hata ziwe zimeshachongwa. Lakini nyumba ikishakwisha, haiuzwi tena kwa ajili ya mtu yeyote, watachanga upya. Ilikuwa Ijumaa. Paa lilikuwa linapanda Jumapili, na Ber, Zelig na vijana wote wangelimaliza siku hiyohiyo. Na pesa mpya kabla ya mavuno yajayo, nani anazo?

Unajua desturi yetu: mwenye kilio asiyekuwa na pa kukipeleka anaweza kuizuia Torati isisomwe Sabato mpaka asikilizwe. Mama huko Urusi aliwahi kumwona mjane akifanya. Msichana hajamwona.

Torati ilipotolewa nikatoka upande wa wanawake, nikapita katikati ya makoti yao, nikaweka mkono juu ya meza. Zelig akasema kwa sauti ya watu wote, "Haya, bibi harusi kaja kujichagulia bwana." Wakacheka. Nikawangoja wamalize.

Nikasema, "Torati haisomwi leo. Kuna mateka."

Nikataja jina lako. Baba alikuwa amekaa kwenye mabati, mbele kabisa, na hapo ndipo alipojua, pamoja na watu wote. Aliukunja upindo wa shali yake ya sala, akaukunjua, akaukunja tena.

Nohim ndiye aliyeanza. Alisema mateka ni mtu aliyetekwa, huyu kajipeleka mwenyewe: kagoma, kaandika makaratasi, na sisi hapa katuita wajinga. Kaka, wengi waliitikia kwa vichwa. Wanakumbuka. Mwalimu Getzel akawaacha wanung'unike, halafu akamuuliza Nohim boriti ziko wapi. Nohim akasema ziko chini, zinaegemea ukuta. Na mabati? Akasema, wewe mwenyewe umeyakalia.

"Basi nyumba haijawa nyumba," Mwalimu akasema. "Akitokea mateka, vinauzwa. Mngekuwa mmeshasali mle ndani hata mara moja, ningewaambia pitisheni kofia upya."

"Lakini tunaezeka kesho," Nohim akasema.

"Ndiyo maana kaja leo."

Hapo Baba akasimama. Nilidhani atanitoa nje kwa mkono. Akasema, polepole, anatazama chini, "Msiuze. Sitaki mwanangu atolewe kwa paa la watu." Nimeandika alivyosema, neno kwa neno. Mwanangu.

Mwalimu Getzel akamjibu bila kugeuka. "Peisaj, wewe hujaulizwa. Kumkomboa mtu hakungojei ruhusa yake, wala ya baba yake."

Kisha nyuma ya pazia sauti ya Bi Sosia, unaijua, ya kuita bata: "Mimi nilinunua kiti. Sikununua kivuli. Kiti kinakaa hata juani." Ber akasema kama Bi Sosia anakaa juani naye atakaa juani, na Zelig, ambaye hawezi kumwona Ber anatangulia, akasema yeye atakaa hata kwenye mvua. Nohim alibaki peke yake. Akashika ndevu. Mwishowe akauliza, kwa hasira kabisa, sasa nani ataongea na wakili kwa Kihispania cha watu, amevaa suti. Wote wakamgeukia yeye, maana suti kolonia nzima ni moja.

Ndipo Torati ikasomwa.

Jana boriti na mabati yote vilikwenda stesheni, kanunua tajiri mmoja wa ghala la ngano. Baba aliyapakia mwenyewe, bati moja moja, hakumruhusu mtu kumsaidia. Mikono imemchanika. Mama kaifunga.

Usimkatalie Nohim. Ukimkatalia nitakuja mimi.

Brayna


Paysandú, Uruguay
9 Septemba 1910

Brayna,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nje, kwa sababu tu naweza. Niko ng'ambo. Nimepata kazi kwa mwoka mikate wa Kibaski, anasema nakanda kama ninagombana na unga. Mama mwambie chumba hiki kina dirisha.

Nohim alinijia na suti na kapu la mayai ya kuchemsha. Alimsomesha wakili, kamsomesha mlinzi, mimi kanisomesha njia nzima mpaka kwenye boti: uvivu, ukafiri, adabu. Nilikuwa na majibu yote, unajua siku zote ninayo. Sikutoa hata moja. Tulipoagana akanishika kichwa akanibariki kama mtoto, kisha akaona haya, akaniuliza mayai yamebaki mangapi.

Kurudi upande huo siruhusiwi, nikionekana wananichukua. Siku hewa ikiwa safi naona miti ya upande wenu.

Niambie nalipaje. Nimemuuliza Nohim akasema halilipwi, hili sio deni. Ingekuwa deni la dukani, mtu akiniambia hivyo ningefurahi. Kwa nini sikufurahi sijui.

Na umeandika mengi, ila kuna jambo umelipita. Baba alisema nini baadaye, nyumbani?

Faivel


Kolonia Gershom
28 Oktoba 1910

Kaka,

Sote wazima. Ngano inageuka rangi, na mwaka huu hata Nohim kaponea, nzige hawajaonekana.

Mwaka Mpya wetu, mwanzoni mwa mwezi huu, tulisali ghalani, chini kwenye magunia, maana mabati hayapo. Wanaume waliitwa mbele wakaahidi upya. Midomo safari hii haikuwa mitamu sana, watu wanajua sasa kuahidi kunauma, lakini hakuna aliyenyamaza. Kuta zimesimama, mvua inaingia, bata wa Bi Sosia wanaoga ndani, na yeye anasema angalau mtu anakitumia kiti chake.

Baba hakusema kitu nyumbani. Ndiyo maana sikuandika, hakikuwepo. Alikuwa anakaa mezani, barua yako ya Paysandú nilimsomea yote, hakutoka nje. Nilipofika pale kwenye dirisha akaniambia rudia.

Jana asubuhi kazipaka mafuta buti nzuri. Mama akamuuliza anakwenda wapi na ngano imekaribia. Akasema wiki ijayo anakwenda Concepción, kutengeneza saa. Kaka, saa yetu haijawahi kuharibika, iko ukutani inagonga. Boti za kwenda kwako zinapandiwa hukohuko.

Sijakwambia kitu. Akifika, shangaa.

Brayna


Paysandú
6 Novemba 1910

Brayna mdogo wangu,

Baba amelala. Amelala kwenye kitanda changu na buti zake, hakutaka kuzivua, anasema sakafu ya watu haijui. Naandikia mapajani ili taa isimpige machoni. Ataondoka na boti ya asubuhi, ngano haingoji.

Nilishangaa kama ulivyoagiza, na sikuhitaji kuigiza. Nilitoka tanurini mweupe wa unga mpaka kwenye nyusi, nikamkuta amesimama ng'ambo ya barabara, kofia kichwani, ameshika kapu kwa mikono miwili. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi. Tukatazamana. Akasema, "Umekonda." Nikasema, "Na wewe." Ndiyo hayo tu, dada. Kisha akanipangusa unga kwenye bega, upande mmoja, akaendelea kupangusa hata ulipokwisha.

Nilimwambia yale niliyokuwa nimeyapanga miezi yote, ya kuwaita watu wajinga, ya mikono yake kuchanika. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kodi ya chumba ni kiasi gani, akasema wananiibia.

Kwenye kapu kulikuwa na kuku. Mzima, mweupe, hasira tupu. Kambeba kutoka kolonia, treni, boti, siku mbili, kwa sababu nyama ya huku haiamini na alitaka nile nyama halali yetu, ya moto, mbele ya macho yake. Nikawasha jiko. Nikaweka sufuria ya maji. Baba akakunja mikono ya shati, akamtoa kuku, akanyanyua kichwa kuniuliza mchinjaji anakaa mtaa gani.

Brayna, Paysandú hakuna mchinjaji wa sheria yetu, na Baba mwenyewe haruhusiwi. Wayahudi wenyewe tuko wanne.

Alibaki amemshika yule kuku kifuani, maji yanachemka. Nikajikaza nisicheke. Nikamtazama, na yeye ndevu zilikuwa zinatikisika. Tulicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Tukala mkate na vitunguu.

Nikamwambia basi amrudishe kuku kwa Mama. Akasema hapana, njia ni ndefu kwa kiumbe. Akamfunga kamba mguuni kwenye kitanda, akamwekea maji kwenye kikombe changu.

"Mtunze," akasema. "Mavuno yakiisha nakuja na Getzel."

Faivel